Mama Kevo, kijana wako ameona kitu lakini hajamaliza kuangalia

Swali lenyewe lilikuja hivi:

"Mwalimu, salamu. Niko Donholm, mama wa watoto wawili, Kevo ako kidato cha tatu na dadake ana miaka 13. Juzi nilimpata Kevo akicheza ngoma ya gengetone kwa simu, mwanamke anaitwa majina siwezi andika hapa, nikamwambia azime. Akanijibu, 'Mathe, nyinyi mnachukia hizi ngoma juu ni za watu weusi wa mtaa, mbona Jumapili Baba anasikiza kantri ya wazungu wakiua wanawake na husemi kitu?' Baba yao akacheka akasema kantri ni muziki wa heshima. Mimi nilinyamaza, kusema ukweli sikuwa na jibu. Pia naskia watu wakisema ukikosoa rap unasaidia wabaguzi. Sasa kijana ako sawa? Na nikikosoa hizi ngoma nakuwa upande gani? Siku hizi hata binti anaziimba akifua na sipendi. Mama Kevo."

Mama Kevo, salamu sana. Wacha nianze na Baba Kevo juu yeye ndiye alicheka, na swali la kijana halikuwa la kuchekwa.

Jumapili hii akifungua redio, mwambie atafute ule wimbo wa Kenny Rogers na First Edition wa mwaka 1969, Ruby, Don't Take Your Love to Town. Najua anaujua, hapa kwetu kila mpenzi wa kantri anaujua, nimeuskia kwa redio, nimeuskia kwa base ya nyama choma watu wakiimba na macho wamefunga. Halafu akae chini autafsiri kwa Kiswahili mbele ya watoto, mstari kwa mstari. Mwanaume ameumia vitani, miguu haisongi, jioni bibi yake anajipodoa anataka kutoka, na yeye pale alipo anasema angeweza kusonga angechukua bunduki amtie huyo mama kaburini. Hio ndio heshima yenyewe. Ni wimbo mzuri, sauti ya Rogers inaingia moyoni, na unamfanya msikilizaji amhurumie jamaa, ndio sababu hio bunduki inapita na hakuna mtu anaiona.

Kuna Delilah pia, ya Tom Jones, mwimbaji wa Wales, 1968. Mwanaume anaona kivuli cha mpenzi wake na mwingine kwa dirisha, anangoja nje mpaka asubuhi huyo mwingine aende, anabisha, msichana anamcheka, kisu kiko mkononi, basi. Wales walikuwa wanaimba hio kwa uwanja wa raga miaka na miaka, maelfu ya watu, wazazi na watoto, kama wimbo wa taifa wa pili, mpaka Februari 2023 ndipo uwanja wa Cardiff ukasema kwaya zisiiimbe tena siku za mechi. 1968 mpaka 2023, hesabu mwenyewe. Na kuna watu walikasirika eti wanaharibiwa utamaduni.

Hata Beatles, ambao hakuna mzazi anazima akiwaskia. Wimbo wa mwisho kwa albamu yao Rubber Soul ya 1965 ni mwanaume anamwambia msichana afadhali amwone amekufa kuliko amwone na mtu mwingine, na huo mstari hata si wao waliutunga, waliutoa kwa rekodi ya Elvis Presley ya 1955. John Lennon, mmoja wa hao Beatles, mwenyewe baadaye alisema haupendi huo wimbo, na kwa mahojiano ya 1980, mwaka ule aliuawa, alikubali waziwazi kwamba alipokuwa kijana alikuwa anachapa wanawake.

Kwa hivyo hapo kwanza Kevo ako sawa kabisa na ninaomba mmwambie hivyo, kwa maneno, baba pia akiwepo. Mtoto akisema ukweli halafu nyumba inyamaze au icheke, anajifunza kwamba watu wazima wanalinda vyao tu.

Sasa kwa nini masikio yetu yako hivi? Lugha ni sehemu moja, juu Kiingereza cha kantri kinaingia kama hewa, tunaimba korasi bila kujiuliza imesema nini, lakini sheng inaskika kila neno, inaskika na nyanya, inaskika na mtoto. Lakini kuna kitu kingine nacho kimepimwa. Mtafiti mmoja Mmarekani, Carrie Fried, mwaka 1996 alichapisha utafiti ambao mimi huwafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Alichukua maneno ya wimbo wa zamani wa Kingston Trio, kundi la wazungu waungwana waliovaa mashati ya kufanana, wimbo wa kijana anayemuua mtu wa polisi. Akawapa watu wasome tu, bila muziki. Wengine aliwaambia ni rap, wengine akawaambia ni kantri, na pia kuna walioonyeshwa picha ya mwimbaji mweusi na wengine picha ya mzungu. Maneno ni yale yale, hata nukta haijabadilishwa. Wale waliodhani ni rap, au waliodhani aliyeimba ni mtu mweusi, waliona maneno hayo yanaudhi zaidi, ni ya hatari zaidi, yanafaa kudhibitiwa. Watafiti wengine wakarudia jambo hilo wakachapisha mwaka 2016, miaka 20 baadaye, na bado waliodhani ni rap waliona maneno yale yale ni mabaya zaidi. Huo wimbo ulikuwa wa risasi, haukuwa wa kutusi wanawake, lakini kilichopimwa pale ni sikio la anayehukumu, na sikio ni lile lile.

Mtu atasema, na Eminem je? Mzungu, na alikosolewa sana, mwaka 2001 watu waliandamana nje ya tuzo za Grammy juu yake. Ni kweli. Lakini Eminem anafanya rap, na rap yenyewe imeshabandikwa rangi, ukiingia ndani unapakwa. Na hio siku bado aliondoka na tuzo.

Wacha nikupe kisa kimoja kizima, hiki ndicho mimi huona kimebeba jibu lako lote. Mwaka 1976 Rolling Stones, kundi la rock la wazungu wa Uingereza, walitoa albamu, na kampuni yao ikaweka bango kubwa Los Angeles pale Sunset Boulevard, picha ya mwanamke amefungwa kamba, ana alama za kuchapwa, anaonekana anafurahia, na maneno yake yanasema hivyo. Wanawake wakaandamana, kulikuwa na kundi lao la kupinga ukatili dhidi ya wanawake, wakapiga kelele, bango likashushwa. Yakaisha hapo. Hakuna msanii alifungwa pingu.

Sasa njoo Florida, 1990. Kuna vijana weusi wanaitwa 2 Live Crew, albamu yao imetoka 1989, na wacha niseme wazi, ni chafu na inatusi wanawake kuanzia mwanzo hadi mwisho, sitaitetea. Sherifu wa kaunti ya Broward akaonya wenye maduka wasiiuze, wanamuziki wakaenda kortini kumpinga, na Juni 1990 jaji wa serikali kuu akaamua hio albamu ni uchafu kisheria, mara ya kwanza kwa korti ya ngazi hio kusema hivyo kuhusu albamu ya muziki. Siku mbili baadaye mwenye duka, mtu mweusi, akashikwa kwa kuiuza. Siku mbili zingine, wanamuziki wakashikwa baada ya kuimba kwa klabu ya watu wazima, watu wazima waliolipa kiingilio. Oktoba wakaachiliwa na korti, na 1992 korti ya rufaa ikatupa ule uamuzi wa jaji. Na wakati huo huo kulikuwa na mchekeshaji mzungu, Andrew Dice Clay, jina lote alilopata lilikuwa kwa vichekesho vya kudhalilisha wanawake, anajaza kumbi na viwanja, hakuna sherifu alimbishia mlango.

Unaona tofauti ilipo? Wazungu wakikosea walikosolewa na wanawake wenzao wakiwa na mabango mkononi. Weusi wakikosea waliletewa polisi. Hio ndio double standadi watu wanaongelea, na haina haja ya kubishaniwa, iko kwa rekodi za korti.

Lakini hapa ndipo Kevo amesimama na ningependa aendelee kutembea.

Kuna mwanasheria mweusi, mwanamke wa Marekani, anaitwa Kimberlé Crenshaw, ndiye mwaka 1989 alileta lile wazo la makutano ya barabara, kwamba mwanamke mweusi amesimama pale kati, ubaguzi wa rangi unakuja na barabara hii na ubaguzi wa kijinsia unakuja na ile, akigongwa ni ngumu kusema ni gari gani, na ambulansi zote mbili zinasema si mgonjwa wetu. Sisi watu wa Nairobi hatuhitaji kuelezwa makutano bila taa ni nini. Kesi ya 2 Live Crew ilipotokea aliandika juu yake mwaka 1991, na alikataa kuchagua upande. Alisema kushtakiwa kwa hao vijana kulikuwa na ubaguzi ndani yake. Halafu akageukia waliokuwa wanawatetea, wakiwemo wasomi wakubwa weusi, Henry Louis Gates mwenyewe alienda kortini kueleza kwamba hayo ni mapokeo ya utani wa watu weusi, ya kutia chumvi na kuchekesha. Crenshaw akauliza, huo utani, gharama yake analipa nani? Anayeitwa hayo majina kwa hizo ngoma ni mwanamke mweusi. Sherifu hakuja kortini kwa ajili yake. Na waliotetea wanamuziki pia hawakuja kwa ajili yake. Kesi nzima ni juu yake na yeye hayuko ndani.

Mimi nilisoma hayo nikiwa mwanafunzi na nikaweka kitabu chini nikakaa tu. Sikuwa nimewahi kuona mtu akisema hivyo, kwamba unaweza kumwambia mbaguzi "wacha unafiki" na kwa pumzi hio hio umwambie ndugu yako "na wewe wacha kunitusi."

Kwa hivyo hao wanaosema ukikosoa rap unasaidia wabaguzi, waambie historia haiko hivyo. Kati ya wakosoaji wakali wa hizi ngoma wamekuwa wanawake weusi wenyewe, juu wao ndio wanaguswa. Mwaka 2004 wasichana wa chuo cha Spelman kule Atlanta, chuo cha wanawake weusi, waliposkia rapa Nelly anakuja chuoni kwao kwa kampeni ya kutafuta watu wa kutoa uboho, walisema sawa, aje, lakini kwanza akae nasi tuongee kuhusu ile video yake inayoonyesha wanawake kama bidhaa. Hawakumfungia mlango, waliomba mazungumzo. Kampeni ikafutwa, na lawama nyingi zikawaangukia hao wasichana, eti wanamwangusha mwanaume mweusi anayefanya jambo la maana. Hio lugha unaijua Mama Kevo, hata hapa kwetu mwanamke akiongea anaambiwa anaaibisha familia.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa Nairobi aliye kwenye kiti cha kuhukumu si mzungu, ni sisi. Lakini sikio tulirithi. Msanii akitoka Umoja au Dandora na anaimba sheng, tunasikiza tukitafuta kosa. Ngoma ya nje ikija na Kiingereza laini inapewa saa ya asubuhi redioni. Nimefanya kazi ya redio miaka ya nyuma kabla nirudi kufundisha, stesheni siitaji, na nakumbuka kikao kimoja tulitupa wimbo wa vijana wa mtaa juu ya neno moja tu, na kipindi kilichofuata nikacheza wimbo wa kizungu wa mwanaume anayemvizia mwanamke usiku, nilibonyeza mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na hakuna msikilizaji hata mmoja alipiga simu. Hio imenikaa mpaka leo.

Na kosa letu lingine kubwa, ambalo naona hata watu wazuri wanalifanya, ni kuchanganya uchafu na udhalilishaji kama ni kitu kimoja. Mwaka 2019 Bodi ya Uainishaji wa Filamu, Ezekiel Mutua akiwa mkuu wake, ilikemea nyimbo nyingi. Wamlambez ya Sailors na Tetema ya Rayvanny na Diamond ziliambiwa ni za klabu tu. Takataka ya Alvindo, ambayo mwanaume amekataliwa na msichana, kisha anamwita huyo msichana takataka, nayo ikakemewa. Na Novemba ikaja Tarimbo ya Ethic, hio ilikuwa inaongelea kumdhuru na kumlazimisha mwanamke kama mchezo, watu wakakasirika, ikatolewa YouTube na vijana wenyewe wakaomba msamaha. Angalia vile hizo zote zilitiwa kwa gunia moja. Wamlambez ni mzaha wa ngono, unaweza kutoipenda, mimi pia sitaki kuiskia nikiwa na watoto, lakini mzaha wa watu wazima wawili wanaotakana si sawa na wimbo wa kulazimisha mtu. Ukiziweka gunia moja, unamfundisha kijana kwamba shida ni ngono, na Tarimbo inakuwa tu "chafu kidogo zaidi". Hapana. Tarimbo ilikuwa kitu kingine kabisa, na hasira ya watu ilikuwa halali, hata ile ya watu ambao hawajawahi kuguswa na Delilah.

Mila ya Kiswahili yenyewe ilijua hio tofauti zamani. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyetuacha mwaka 2013, alikuwa mwalimu wa unyago, amepiga ngoma na kufundisha wasichana mambo ya mwili waziwazi, maneno ambayo bodi ingezimia, na ndani yake msichana anafundishwa kujijua na kutoonewa. Na kabla yake kulikuwa na Siti binti Saad, aliyerekodi sahani zake Bombay kuanzia 1928. Ako na wimbo wa Kijiti, mwanaume aliyemuua mwanamke mgeni aliyekuja Unguja, na korti badala ya kumpata ikaadhibu wengine. Karibu miaka 100 iliyopita mwanamke wa pwani anaimba kesi ya mwanamke aliyeuawa, anamtaja muuaji kwa jina, anailaumu korti. Nakuambia hivyo ili Kevo asifikirie kutetea mwanamke kwenye wimbo ni mambo tuliletewa na wazungu.

Wimbo peke yake hauwezi kugeuza mtoto mzuri kuwa muuaji, siamini hivyo na sitakutisha. Lakini tarehe 27 Januari 2024 nilikuwa kati ya maelfu walioandamana hapa mjini juu ya wanawake wanaouawa, na kitu kimoja kilinichoma, kila tukiongea na vijana pembeni mwa barabara swali lilikuwa "alifanya nini huyo dem?" Alienda huko kufanya nini, alikula pesa ya nani. Hilo swali linajifunzwa mahali. Linajifunzwa kwa Ruby, linajifunzwa kwa Takataka, linajifunzwa kwa meza za wazee. Kila mahali ambapo mwanaume ameumizwa moyo na mwanamke ndiye anafaa kulipa.

Sasa ufanye nini. Usimnyang'anye simu, atasikiza kwa mwenzake. Chukueni ngoma yake moja na wimbo wa Baba mmoja, ziwe mbili, sawa kwa sawa, muandike kila moja kwa Kiswahili cha kawaida kwenye karatasi, bila midundo. Halafu muulizane tu huyu mwanamke ndani ya wimbo amepewa nafasi ya kuongea? Na mwisho wake ni nini? Kevo akiona Baba amekubali kuhusu Ruby, atakubali kuhusu ya kwake, nina uhakika juu nimefanya hivyo darasani mara nyingi na vijana ni waaminifu sana wakitendewa haki. Lakini Baba akikataa kukaa, usianze, juu hapo Kevo atakuwa amepata ushahidi wa kile alisema.

Upande gani, umeuliza. Upande wa yule anayeimbwa. Kutoka hapo unaweza kumkosoa Mick Jagger wa Rolling Stones, unaweza kumkosoa kijana wa Umoja, na hakuna atakuambia umependelea.

Lakini kuna kitu nimeona kwa barua yako na nimeisoma mara tatu. Kevo amesema yake, Baba amecheka, wewe umeuliza. Binti yako ako hapo kwa mstari wa mwisho tu, anafua, anaimba, na hakuna mtu amemuuliza kitu. Ana miaka 13, hayo majina kwa hizo ngoma yanamwongelea yeye na marafiki zake, labda ameshaitwa moja akipita stage ya matatu. Kabla ya karatasi, kabla ya Jumapili, nenda ukae naye pale kwa karai, chukua nguo mbili ufue, umuulize akiimba hio sehemu anaskia nini. Halafu uniandikie, nataka sana kujua amesema nini.